Munyu wa Mama: Tulivyompeleka Hawa Korogwe

Wenzangu wa darasa la kisomo, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kidogo kidogo. Mmoja kisimani, mwingine shambani, wengine mnakuja na mhogo kikapuni mkijifanya mmepita tu. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo sasa vinatembea kijijini vimeota mikia. Nimesikia kwamba tulimwacha mtoto njiani. Nimesikia pia kwamba daktari alimfukuza mama yangu hospitalini. Basi nimeandika yote mara moja, nisiulizwe tena. Mwalimu akitaka kusahihisha herufi asahihishe, maneno ayaache yalivyo. Mama mwenyewe ameniruhusu, na siku ya kusoma atakaa mbele.

Hawa alikuwa mtoto wa kaka yangu Athumani na mkewe Halima. Wengi wenu mlimwona amefunikwa khanga, kwa hiyo niseme alivyokuwa ndani ya khanga hiyo. Alizaliwa na ngozi nzuri. Baadaye mashavu yakawa mekundu, yakapasuka, yakaanza kutoa majimaji. Ugonjwa ukashuka shingoni, kwenye mikunjo ya mikono, nyuma ya magoti, ukaenea mgongo mzima. Dokta wa zahanati yetu akasema ni ukurutu. Nguo tuliyomlaza nayo ilikuwa inamganda, na Halima alikuwa anailoweka kwanza ndipo aibandue, la sivyo inakuja na ngozi. Umri ambao wenzake wanakaa, yeye shingo ilikuwa bado haijakaza. Miguu ilikuwa imevimba na uso umejaa, hata kuna mgeni mmoja alimsifu kwamba amenenepa. Nilitamani kumfukuza na fimbo.

Kila mwanamke aliyekuja kumwona alimwachia Halima mwiko. Asile samaki, asile mayai, asile maharage, asile karanga wala nyama, maana vyote hivyo, walisema, vinaingia kwenye maziwa na kumwasha mtoto. Halima alivishika vyote. Alibaki na ugali na mlenda, na mifupa ya mabega ikaanza kuhesabika. Chumvi hakuna aliyemkataza, kwa sababu haikuwepo. Mnakumbuka duka letu la kijiji siku zile: majembe, viberiti, na mizani isiyo na cha kupima.

Kisha Hawa akaanza kuharisha. Dokta wa zahanati alimshika tumbo, akavuta ngozi kwa vidole viwili, akatuambia: "Mtoto anaishiwa maji. Chemsheni maji, tieni chumvi kidogo na sukari, mpeni kwa kijiko mara kwa mara. Halafu mpelekeni Korogwe, msingoje." Alisema vizuri na alisema kweli, na mimi sina neno naye.

Sukari tulipata kwa kuombaomba. Chumvi tuliitafuta nyumba kwa nyumba tusipate hata ya kulamba. Hapo mama yangu, Bi Mwantumu, akasimama akacheka. "Nyinyi watoto wa duka," akasema. "Sisi tulikua na chumvi ya nani?" Akachoma mabua, maganda ya ndizi na majani ya bondeni ambayo yeye ndiye anayeyajua. Majivu yake akayaweka kwenye chungu chake chenye matundu chini, akamimina maji juu, yakachuruzika ya rangi ya chai, akayachemsha mpaka yakakauka. Chini ya sufuria ikabaki chumvi ya majivu, ile ambayo wazee wetu wanaiita munyu. Nilionja. Ilikuwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, lakini ilikuwa chumvi. Tulifurahi wote, na Halima alimbusu Mama mikono.

Kijijini hadi Chanika

Tuliondoka watatu na mtoto: Halima amembeba Hawa, Mama na chupa yake ya maji ya munyu, na mimi na mzigo. Athumani alikuwa mbali, amekwenda kukata miwa upande wa Turiani, na hapakuwa na njia ya kumpelekea habari. Mama tulimwambia abaki, magoti yake mnayajua. Akajibu, "Dawa nimetengeneza mimi, nitainywesha mimi," na hapo ndipo mjadala ulipokwisha.

Trekta la kijiji lilikuwa linakwenda Chanika na tela. Mwenyekiti alituahidi nafasi. Asubuhi tulipofika tukakuta tela limejaa mbao za ghala, na dereva yuko chini ya trekta, miguu tu ndiyo inaonekana. Tukangoja. Jua likapanda. Mama akafungua chupa, akamnywesha Hawa kijiko, mtoto akakunja uso akameza. "Kila tukisimama, kijiko," Mama akasema, na ndivyo alivyojiwekea utaratibu.

Trekta lilipowaka tulikaa juu ya mbao. Kila shimo mbao ziliruka nasi tukaruka nazo, na Hawa alikuwa analia sauti nyembamba. Karibu na Kang'ata tukasimama tena, kwa sababu dereva alimwona shemeji yake shambani na walikuwa na mambo ya mbuzi ya kumaliza. Niliwapigia kelele. Mama akaniambia ninyamaze, wakubwa wanaongea, akafungua chupa.

Mambo ya mbuzi yalipokwisha tukaendelea, na Chanika tukafika watu wakitoka msikitini adhuhuri.

Chanika

Lori la kwenda Korogwe lilikuwepo, lakini lilikuwa linapakia mahindi. Tukakaa kwenye baraza ya mgahawa. Nilinunua mihogo ya kuchemsha na mchuzi wa maharage, Halima akala mihogo akausukuma mchuzi kwangu kwa sababu ya mwiko. Mchuzi wenyewe haukuwa na chumvi. Mwenye mgahawa, mtu wa maneno mengi, aliwaambia wateja wake, "Leo mtie machozi yenu wenyewe," watu wakacheka. Siku zile mzaha huo ulikuwa kila mahali.

Halima akafunua khanga ili mtoto apate hewa, na hapo kukawa na balaa. Mama mmoja aliyekuwa anauza mboga alimwona Hawa akapiga ukelele. "Wamemuunguza mtoto! Jamani, mtoto amemwagiwa uji!" Watu wakajaa. Mgambo mmoja akaja na kirungu, akamuuliza Halima ni nani aliyemchoma mtoto, na Halima badala ya kujibu akaanza kulia, jambo ambalo lilimfanya aonekane mkosaji zaidi.

"Ni ukurutu," nikasema. "Ni ugonjwa wa ngozi. Tunampeleka hospitali."

"Ukurutu gani unatoa maji hivi?"

"Muulize Mungu, ndugu mgambo. Mimi ni shangazi tu."

Alitaka kutupeleka ofisini kwao tukaeleze huko. Mama akainuka, magoti yakalia, akamsogelea mpaka kirungu kikamgusa kifuani. "Mwanangu, wewe umelelewa?" akamuuliza. "Basi nipishe nimnyweshe mjukuu wangu." Mgambo akapisha. Akasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti ya chini, akaondoka. Yule mwuza mboga alirudi baadaye na fungu la mchicha, akamwekea Halima miguuni. Halima alinitazama, nikamwambia mchicha haumo kwenye miiko.

Chanika hadi Sindeni

Lori lilijaa gunia juu ya gunia, na watu juu ya magunia. Walipomwona Hawa wakaanza kusogea. Mwanamume mmoja alisema waziwazi kwamba yeye hakai na mkoma. Dereva, mtu mnene aliyeitwa Kombo, alishuka, akamtazama mtoto, akamtazama yule bwana, akamwambia, "Basi shuka wewe." Hakushuka. Halima na mtoto wakakaa mbele na Kombo, mimi na Mama tukapanda juu.

Mvua za siku hizo mnazikumbuka. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye korongo moja lori likazama matairi ya nyuma, tukashuka wote, wanaume wakakata matawi, sisi tukabeba mawe. Yule bwana aliyeogopa ukoma ndiye aliyefanya kazi kuliko wote, akachafuka tope mpaka masikioni, na tulipomaliza alimletea Halima jani la mgomba akae. Watu ni wa ajabu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno makali ya kumwambia, yakanikwama.

Mama alitumia muda ule wote kumnywesha Hawa. Kijiko, anangoja, kijiko. Mtoto alikuwa amepunguza kuharisha, na Mama alikuwa na uso wa mtu anayeona kazi yake inakubali. Mimi pia niliamini. Nilimwambia Halima, "Umeona? Munyu umemshika." Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu huu.

Tulifika Sindeni jua likiwa limekwisha kugusa miti. Kombo akasema hathubutu kwenda mbele gizani na barabara ile. Ikabidi tulale hapo.

Sindeni

Tulipokelewa na mwanamke mmoja, Mama Saidi, ambaye hatukumjua na yeye hakutujua. Aliona tu wanawake watatu na mtoto mgonjwa wamesimama kando ya lori, akasema, "Karibuni ndani, mbona mnasimama kama mnadaiwa?" Alikuwa mjane, mrefu, mikono mikubwa ya mtu wa jembe. Alitupa maji ya kuoga, akatandika mkeka, akapakua makande.

Nilitia tonge la kwanza mdomoni nikasimamisha taya. Makande yalikuwa na chumvi. Nilimtazama Mama, naye ananitazama. Ulimi ulikuwa umesahau. Halima alikula maharage ya makande yale bila kuuliza mwiko, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole, na hakuna aliyemkataza.

"Mmepata wapi chumvi, mama?" nikauliza.

"Ndugu yangu alitoka Tanga. Aliniletea fundo moja, naila kwa kuihesabu." Akamwona Mama akifungua chupa yake. "Mnampa nini mtoto?"

Mama akamweleza, kuanzia mabua hadi sufuria. Mama Saidi akasikiliza kwa heshima. "Bibi yangu alikuwa anatengeneza," akasema. "Sijaiona miaka mingi. Lakini kama dokta amesema chumvi, mimi ninayo ya duka, nyeupe. Nitawapa mchukue."

"Ndiyo ya mwisho uliyo nayo," Mama akasema.

"Mtoto ni mtoto."

Akainuka kwenda kuitoa, kisha akasimama mlangoni akatazama nje. Jua lilikuwa limezama. Mama naye akatazama, na wote wawili wakaelewana bila kusema. Nyinyi mnajua, na asiyejua nitamwambia: kwetu chumvi haitoki nyumba moja kwenda nyingine jua likishazama. Anayeitoa anatoa baraka za nyumba yake, na anayeipokea anapokea balaa. Hata dukani mwenye duka hakuuzii. Na hii ilikuwa inatoka kwa mjane kwenda kwa mtoto mgonjwa.

"Asubuhi," Mama Saidi akasema.

"Asubuhi," Mama akakubali. "Hata hivyo tunayo yetu."

Asubuhi Kombo alipiga honi kabla hakujapambazuka sawasawa. Alisikia mto unajaa na alitaka kuuwahi. Mama Saidi alikuwa amekwenda kisimani. Tulikusanya vitu kwa pupa, Halima akamfunga mtoto mgongoni, Mama akavutwa juu ya magunia kama gunia, na tulikuwa tumeshakwenda mbali nilipokumbuka fundo la chumvi. Nilimwambia Mama. "Tutaipitia tukirudi," akasema.

Sindeni hadi mtoni

Sitasema mengi juu ya njia ile. Tulikwenda na kusimama, tukaenda na kusimama, na kila kusimama mnajua sasa kulikuwa na maana gani.

Karibu na Korogwe maji ya Mto Pangani yalikuwa yamepanda juu ya barabara kabla ya daraja. Malori yalikuwa yamepanga foleni, watu wamewasha moto kando, wanachoma mahindi, wengine wamelala chini ya magari. Mzee mmoja wa Kishambaa aliyekuwa anapeleka maharage yake alitugawia ndizi mbivu. Alimpondea Hawa kidogo kwa vidole, mtoto akaonja. Mzee akafurahi kama amempa dunia.

Hapo ndipo Hawa alipoacha kulia. Tangu azaliwe sikuwahi kumsikia akinyamaza muda mrefu namna ile. Hakujikuna. Mikono iliyokuwa ikikwaruza shavu usiku na mchana ilikuwa imelala tu juu ya khanga, imefunguka. Mama akasema, "Mtoto amepumzika, mwacheni." Halima alifurahi, akafumba macho kidogo, na mimi nikatazama maji.

Ni Kombo aliyekuja kuchungulia. Alikuwa na watoto wengi, alituambia baadaye. Aliinua mkono wa Hawa, akauachia, ukaanguka. Akauinua tena. Alivua viatu, akakunja suruali, akamchukua mtoto kutoka kwa Halima, akaingia majini mbele yetu. Maji yalimfika mapajani. Watu walipiga kelele kwamba atazolewa, na yule bwana wa ukoma akaingia nyuma yake kumshika mkanda. Sisi watatu tukashikana mikono tukafuata. Mama aliishika chupa juu ya kichwa isiingie maji ya mto.

Korogwe

Hospitalini tulipita mbele ya watu wote. Nesi aliyetupokea aliangalia mara moja akakimbia, na sisi tukamkimbilia nyuma.

Daktari alikuwa kijana wa Kishambaa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsalimia Mama shikamoo hata akiwa tayari ameweka kipimo kifuani kwa mtoto. Alisikiliza muda mrefu. Akatuuliza tangu lini ngozi iko hivi, anapata mkojo kiasi gani, amekunywa nini.

Mama akatoa chupa. "Nimempa chumvi, mwanangu, kama mlivyosema. Kila tukisimama, sikuacha."

Daktari alimimina tone kiganjani, akaonja. "Chumvi hii mmeipata wapi, bibi?"

Mama akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa fahari, mabua na maganda ya ndizi na majani ya bondeni, chungu na matundu yake. Nilikuwa namtazama daktari. Hakubadilika uso. Alisema tu, "Asante, bibi, umefanya kazi kubwa," akamwomba nesi ampeleke Mama akapate chai na nguo kavu. Mama alipotoka, daktari akaanza kufanya mambo kwa haraka ambayo sikuwahi kuona. Walimtafuta mshipa kichwani wakamwekea dripu. Wakamchoma sindano moja kwa taratibu sana, daktari mwenyewe anasukuma kidogo, anasikiliza moyo, anasukuma kidogo.

Halima aliuliza swali moja tu. "Ni maziwa yangu?"

"Hapana, mama. Maziwa yako hayana kosa lolote."

"Sikula samaki. Sikula mayai. Nilishika vyote."

"Ungekula," daktari akasema, kwa upole. Halima alijifunika uso kwa khanga yenye maji ya mto.

Baadaye alinitoa nje, akaniambia kwa maneno ninayoyaweza kuyaandika. Ngozi ya Hawa, alisema, ilikuwa inavuja, na kinachovuja si maji matupu. Kinatoka na chumvi ya mwili na kile chakula cha damu kinachozuia mtu asivimbe, ndiyo maana miguu na uso vilijaa. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, zimekaa kama kofia. Zinatoa kitu kinachoitwa homoni, na kazi yake ni kuziamuru figo zishike chumvi zisiimwage. Tezi za mtoto huyu zilikuwa zinaamuru miezi yote hii, mchana na usiku, na chumvi ya kushika haipo. Halafu akaharisha, na kidogo kilichokuwepo kikaenda.

"Sasa hiyo ya majivu," nikasema.

Alitazama chini. "Ina chumvi ya aina nyingine, dada. Ile ya duka ndiyo aliyoikosa. Hii ya majivu ndiyo ambayo figo zinatakiwa kuitoa nje, na za kwake hazina nguvu ya kuitoa. Mtu mzima akitia kwenye mboga hadhuriki. Kwa huyu inakwenda kwenye moyo. Hapa sina mashine ya kuipima, lakini moyo wenyewe unaniambia. Unapiga polepole mno."

"Kwa hiyo ni mama yangu."

"Sikusema hivyo. Ngozi ile ingeweza kumwua bila mtu yeyote kumpa kitu. Sijui kama angepona. Ninachojua ni kwamba asipewe tena." Kisha akaniuliza, "Utamwambia?"

Nilimchukia kwa kuniuliza, na nilimchukia zaidi kwa kuwa mtu mwema.

Hawa alifariki alfajiri iliyofuata, Halima amemshika kidole. Mtoto hakulia wala hakushtuka. Mama alikuwa amekaa chini karibu na kitanda, chupa iko mapajani, nesi amemkataza kuitumia bila kumwambia sababu. Aliniuliza, "Daktari amesema nini?"

"Amesema ngozi ilimvuja," nikasema. "Ilimmaliza."

"Tulichelewa," Mama akasema. "Mbuzi wale. Mto ule." Nikasema ndiyo, tulichelewa.

Hakuna aliyetaka kubeba maiti kurudi kwa barabara ile. Hawa alizikwa Korogwe, na waliomzika ni watu tusiowajua: wanaume kutoka msikiti wa karibu, Kombo, na yule bwana wa ukoma ambaye mpaka leo sijui jina lake. Wanawake wa mtaa walitupikia wali. Ulikuwa hauna chumvi, nami nilishukuru.

Kurudi

Maji yalipopungua Kombo alituchukua bila kutaka chochote. Halima alikaa mbele, mikono imekunjwa kama bado amebeba.

Sindeni Mama Saidi alisikia honi akatoka mbio, ameshika kitu. Alikuwa anaanza kutulaumu kwa kicheko kwamba tumekimbia kama wezi, kisha akaona mgongo wa Halima mtupu, akasimama. Alimkumbatia Halima, akalia kwa sauti, na Halima, ambaye Korogwe hakulia, hapo akalia. Kabla hatujaondoka Mama Saidi aliweka kile kitu mkononi mwa mama yangu. Lilikuwa fundo la chumvi, limefungwa kwenye kitambaa. "Niliwawekea," akasema. "Ni mchana sasa." Mama hakuweza kukataa. Alilifunga kwenye pindo la khanga yake, akalishika njia nzima.

Mengine mliyaona wenyewe. Mlikuja kwenye matanga, mlikaa na Halima, mmoja wenu akamwambia kwamba ni samaki aliokula zamani, na mimi nikamtoa nje. Yule aliyetolewa anajijua, na simwombi radhi.

Lililotokea baadaye ndilo mnalouliza hasa, kwa nini mama yangu hatengenezi tena munyu. Jirani yetu alikuja asubuhi na mtoto wake mgongoni, anaharisha, macho yamezama. Alikuwa amesikia habari za chupa ya Mama. "Bibi, nisaidie na mimi," akasema. Mama aliinuka mara moja. Tangu Korogwe sikumwona akiinuka hivyo. Alikwenda kukichukua chungu chake chenye matundu, akaniambia nilete mabua.

Sikuleta mabua. Niliingia ndani, nikachukua lile fundo la Mama Saidi chini ya mto wa kulalia wa Mama, nikaliweka mapajani kwake.

"Mpe hii," nikasema.

"Hii ni ya Hawa."

"Mpe hii, Mama. Ile usimpe mtoto mwingine."

Jirani alikuwa amesimama, haelewi, anambembeleza mwanawe. "Ni daktari aliyesema?" Mama akauliza.

"Ni yeye."

"Kule kule Korogwe?"

"Ndiyo, Mama."

Mama alifungua fundo kwa meno. Alimwelekeza jirani kila kitu sawasawa: maji yachemke, chumvi kidogo tu, sukari, aonje kwanza yasizidi chumvi ya machozi, ampe kwa kijiko bila kuchoka. Akamfungia nyingine kwenye jani aende nayo. Mtoto yule mnamwona, anatambaa.

Jirani alipoondoka Mama akachukua chungu chake akazunguka nyuma ya nyumba. Nilisikia kikipasuka. Alirudi akakaa karibu nami kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye khanga, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Zaina, nilimpa vijiko vingapi?"

Nilimwambia sijui, sikuhesabu.

"Mimi nilihesabu," akasema.